Jitihada na Kudura: Mafundisho ya Waislamu Juu ya Hiari ya Mtu na Uongozi wa Mungu



Somo la mwezi huu limetokana na kosa langu mwenyewe. Nalikuwa katika matanga ya mtoto wa miaka mitatu. Baba yake ni Mkristo wa usharika wetu. Homa ilimshika mtoto siku ya Jumatatu. Nyumbani wakampa dawa za majani, wakangoja. Hata siku ya Ijumaa ndipo walipompeleka hospitali, naye akafa usiku ule. Waombolezaji wote, Wakristo kwa Waislamu, walinena neno moja: "Siku zake zilikuwa zimetimia." Ndipo baba akaniita kando, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni Mungu aliyemtwaa, au ni mimi niliyekawia?"

Kwa kuwa sikuwa na jibu, nalijibu upesi kuliko ilivyofaa. Nalisema kwamba mambo ya kuandikiwa ni mafundisho ya Waislamu, wasemao kwamba mtu hana la kufanya. Bali sisi Wakristo twajua kwamba mtu ana hiari yake. Sikutambua kwamba kwa jibu lile nimemsingizia jirani, tena nimemtwika mfiwa mzigo wote peke yake.

Mzee mmoja Mwislamu, jirani wa nyumba ile, alikuwa ameketi karibu, akasikia. Hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, mbona wayasimulia ya kwetu bila kutuuliza? Keti nikupe kisa cha Sayidina Umar." Kisa hicho nitakieleza mahali pake. Tangu siku ile naliona haya, nikaanza kujifunza. Haya niliyojifunza nawaletea ninyi, maana Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haikusema kwamba jirani asiye wa dini yetu hahesabiwi.

1. Maneno yenyewe

Kwanza tuyajue maneno, maana sisi Waswahili twayatumia kila siku bila kuyafikiri. Neno kadari latoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni kipimo: Mungu amekipimia kila kitu kiasi chake na wakati wake. Neno kudura ni uwezo wa Mungu, na watu wa pwani hulitumia pia kwa maana ya mambo aliyoyakadiria. Neno ajali, ambalo siku hizi twalitumia gari lipindukapo, hapo asili ni muda uliowekwa, yaani siku ya mwisho wa mtu. Kwa hiyo wazee wakisema kwamba ajali haina kinga, hawasemi habari za magari tu. Wanasema kwamba siku ya mtu ikifika, hakuna wa kuizuia.

Uongozi wa Mungu Waislamu huuita hidaya, na kwa Kiswahili neno hilo lina maana ya zawadi pia. Nao husema vilevile uongofu, neno tulilo nalo sisi. Angalieni basi: Mkristo asema ameongoka, Mwislamu naye aomba aongolewe. Neno ni moja, na lenyewe latufundisha, maana aliyeongoka hakujiongoa mwenyewe. Yuko mwingine aliyemtia njiani.

2. Jambo la sita la imani

Waislamu wengi, wale waitwao Wasuni, huhesabu mambo sita ya imani: kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, ya heri na ya shari. Mambo hayo yamo katika hadithi mashuhuri isimuliayo jinsi malaika Jibrili alivyomjia Muhammad kwa umbo la mtu na kumwuliza maana ya imani.

Mtu akisikia hayo tu, aweza kudhani kwamba Mwislamu hukaa kitako na kungoja. Lakini mwangalieni asalipo. Katika sala tano za kila siku mna rakaa kumi na saba, na katika kila rakaa husomwa Sura ya kwanza ya Korani, ambamo mwenye kusali amwomba Mungu amwongoze katika njia iliyonyoka. Basi Mwislamu ashikaye sala zake huomba uongozi mara 17 kwa siku. Je, mtu aliyedhani kwamba kuomba hakuleti tofauti angeomba mara nyingi hivyo?

3. Pande mbili za Korani

Asomaye Korani atakuta humo maneno ya pande mbili. Upande mmoja husisitiza uwezo wa Mungu: katika Sura ya 14, aya ya 4, yasemwa kwamba yeye humpoteza amtakaye na kumwongoza amtakaye, na katika Sura ya 28, aya ya 56, Muhammad aambiwa kwamba hawezi kumwongoa ampendaye, bali Mungu ndiye aongoaye. Wafasiri wengi husema kwamba aya hiyo ilihusu ami yake Abu Talib, aliyemlea na kumlinda, kisha akafa bila kuifuata dini yake.

Upande wa pili husisitiza hiari ya mtu: katika Sura ya 18, aya ya 29, watu waachiwa kuamini au kukufuru wapendavyo, katika Sura ya 13, aya ya 11, yafundishwa kwamba Mungu habadili hali ya watu mpaka wabadili yaliyo ndani ya nafsi zao, na katika Sura ya 41, aya ya 17, yasimuliwa habari za watu wa Thamudi walioonyeshwa njia, nao wakachagua upofu.

Tena pana mahali ambapo pande zote mbili zimekutana. Mwisho wa Sura ya 76 yasemwa kwamba atakaye na ashike njia ya kwenda kwa Mola wake, kisha papo hapo yaongezwa kwamba watu hawatataka ila atakapo Mungu.

Lakini neno lililonishangaza zaidi limo katika Sura ya 6, aya ya 148. Hapo wasimuliwa waabudu sanamu wajiteteao kwa kusema kwamba Mungu angalitaka, wasingaliabudu sanamu. Udhuru huo wakataliwa na kuitwa dhana tupu. Basi kujificha nyuma ya kudura ili mtu afunike kosa lake, Korani yenyewe yakataza.

4. Mabishano ya wanazuoni

Jambo hili liliwasumbua Waislamu tangu zamani sana. Katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, alitokea Maʼbad al-Juhani, aliyefundisha kwamba mtu ana uwezo juu ya matendo yake, wala Mungu hakumlazimisha kutenda maovu. Nyakati zile nchi ilitawaliwa na makhalifa wa Bani Umayya. Yasimuliwa kwamba Maʼbad alimwendea mwalimu mashuhuri Hasan wa Basra, aliyefariki mwaka 728, akamlalamikia habari za watawala wanaomwaga damu na kutwaa mali za watu, kisha wakasema kwamba matendo yao ni kadari ya Mungu. Hasan akajibu kwamba wamesema uongo. Maʼbad mwenyewe aliuawa karibu na mwaka 699.

Tuliangalie jambo hili vema. Mabishano hayakuwa ya vitabu tu. Yalikuwa na damu ya watu ndani yake, maana mwenye nguvu akiweza kusema, "Ni amri ya Mungu," mnyonge amshitaki kwa nani?

Baadaye wakaja Wamuʼtazila, ambao mwanzilishi wao ahesabiwa kuwa Wasil bin Ata, aliyefariki mwaka 748. Walisema kwamba Mungu ni mwenye haki, na mwenye haki hamwadhibu mtu kwa jambo asiloweza kuliepuka; kwa hiyo mtu ndiye afanyaye matendo yake kwa uwezo aliopewa. Kinyume chao alikuwapo Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 746, ambaye yasemwa alifundisha kwamba mtu hutenda kama jani lichukuliwalo na upepo. Wanazuoni wengi waliyakataa mafundisho yake.

Njia ya katikati ilitafutwa na Abu al-Hasan al-Ashʼari, aliyefariki mwaka 936 hivi. Kwanza alikuwa Mmuʼtazila, kisha akawaacha. Alifundisha kwamba Mungu ndiye aumbaye kila tendo, lakini mtu hulichuma, likawa lake, naye huulizwa kwa ajili yake. Wafuasi wake hutoa mfano wa mkono. Mkono utetemekao kwa homa, na mkono uinuliwao na mwenyewe, yote miwili hutikisika kwa uwezo wa Mungu. Walakini kila mtu ajua moyoni kwamba mmoja si sawa na wa pili. Mafundisho haya yalienea sana kwa watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, nao ndio Wasuni walio wengi katika pwani yetu tangu Lamu hata Kilwa. Waibadhi wa Omani nao hufundisha karibu vivyo hivyo. Washia hufuata neno la Imamu wao Jafar al-Sadiq, aliyefariki mwaka 765, kwamba mtu hakulazimishwa, wala hakuachiwa yote, bali jambo hili li katikati ya hayo mawili.

5. Kisa cha Khalifa Umar

Sasa nitaeleza kisa alichonipa yule mzee, nacho kimeandikwa katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Karibu na mwaka 639 Khalifa Umar alisafiri kutoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh, mpakani, wakuu wa jeshi walikuja kumlaki pamoja na Abu Ubaida, jemadari wao, wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Tauni hiyo yaitwa tauni ya Amwasi, kwa jina la mji ulio karibu na Yerusalemu, ambao tangu kale wengi wamedhani kuwa ndio Emau tuusomao katika Luka 24.

Umar akafanya shauri. Akawaita waliohama Makka zamani, nao hawakupatana. Akawaita watu wa Madina, nao hawakupatana. Mwisho akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa neno moja wakasema arudi. Umar akaazimu kurudi. Ndipo Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akampa mfano: mtu akiwa na ngamia bondeni, upande mmoja una majani na upande wa pili ni mkavu, amlishapo penye majani humlisha kwa kadari ya Mungu, na amlishapo pakavu vilevile; basi mchunga mwenye akili achague upi?

Kisha akaja Abdurrahmani bin Aufi, akashuhudia kwamba alimsikia Muhammad akifundisha kwamba watu wasiingie nchi yenye tauni, wala wasitoke kuikimbia wakiwa wamo. Umar akarudi Madina. Abu Ubaida akabaki na watu wake katika Sham, akafa kwa tauni ile.

Neno hilo la zamani halikusahauliwa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wanazuoni wengi wa Kiislamu walilikumbusha, na hija ya mwaka ule ilifanywa na watu wachache tu waliokuwamo nchini Saudia.

Yule mzee alipokwisha kunisimulia akasema, "Wahenga wetu husema jitihada haiondoi kudura. Ni kweli. Lakini hawakusema kudura yaondoa jitihada."

6. Na sisi je?

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana naliposema kwamba sisi Wakristo twafundisha hiari ya mtu, naliwasingizia hata wazazi wangu wa imani.

Mwaka 1524 Erasmus wa Rotterdam aliandika kitabu cha kuitetea hiari ya mtu. Martin Luther akamjibu mwaka 1525 kwa kitabu kiitwacho De servo arbitrio, yaani habari za hiari iliyofungwa. Humo alifundisha kwamba katika mambo ya wokovu mtu hawezi kujigeuza kwa Mungu kwa nguvu zake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 18, lapambanua mambo mawili: katika mambo ya maisha haya mtu ana uhuru wa kadiri, kama kujenga, kuoa, kufanya kazi, kutenda haki mbele ya watu, bali kumcha Mungu na kumwamini hawezi pasipo Roho Mtakatifu. Nasi sote tulifundishwa katika Katekisimo Ndogo kwamba imani ni kazi ya Roho, si ya akili zetu.

Hata hivyo Luther hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwezi wa Agosti mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikahamishiwa Jena, naye akaagizwa aondoke. Lakini yeye na mchungaji Bugenhagen wakabaki kuwahudumia wagonjwa. Mwaka ule ule akaandika waraka kuwajibu wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Alifundisha kwamba mwenye wajibu kwa wagonjwa asiwaache; asiye na wajibu huo aweza kuondoka bila dhambi; na adharauye dawa na kinga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, humjaribu Mungu.

Angalieni: miaka karibu 900 yatenga Sargh na Wittenberg, wala watu wale wawili hawakuwa wa imani moja. Lakini katika jambo hili walisema karibu neno moja, kwamba Mungu atawalaye yote hakumpa mtu ruhusa ya kuacha wajibu wake.

7. Tofauti iliyopo

Nisiseme kwamba dini zote ni moja. Hilo nalo lingekuwa uongo, na yule mzee asingependezwa nalo. Tofauti zipo, nazo ni kubwa.

Kwanza, Waislamu hufundisha kwamba mtu huzaliwa katika umbile safi. Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, wala kosa lake halikuifunga nia ya wazao wake. Basi mtu ahitaji zaidi kuonyeshwa njia na kutiwa nguvu kuifuata. Sisi twaungama kwamba baada ya anguko nia yenyewe imefungwa. Haitoshi kumwonyesha njia mfu, yapasa afufuliwe. Kwa hiyo twanena habari za kuzaliwa mara ya pili.

Pili, Wasuni huungama kwamba heri na shari zote zimo katika kadari, ijapokuwa wanazuoni wao hupambanua kati ya yale Mungu ayaachayo yawepo na yale yampendezayo, kwa kuwa Sura ya 39, aya ya 7, yasema kwamba haridhii ukafiri kwa waja wake. Sisi katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 twaungama kwamba Mungu amewateua watu kwa uzima, wala hakumwandikia mtu awaye yote upotevu. Maana Paulo amwandikia Timotheo kwamba Mungu ataka watu wote waokolewe. Kwa nini basi wengine hawaamini? Hapo kanisa letu hunyamaza, wala haliijazi siri hiyo kwa akili zake.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mtu amtazame Mungu mahali gani ajue nia yake kwake? Luther aliwaonya watu wasichungulie mashauri yaliyofichwa, bali wamtazame Kristo aliyelazwa horini na kutundikwa msalabani. Hapo, na katika ubatizo, na katika meza ya Bwana, nia ya Mungu imenenwa waziwazi.

8. Jibu la baba yule

Baada ya majuma mawili nalirudi kwa yule baba. Nalimwomba radhi kwanza. Kisha nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja, nasi tuyafungue.

Juu ya kesho nalimwambia: "Una watoto wawili waliosalia. Mmoja akishikwa na homa, mpeleke akapimwe siku iyo hiyo. Hospitali nayo ni majani ya upande ule wa bonde."

Juu ya jana nalimwambia: "Saa ya kifo cha mtoto imo mkononi mwa Mungu, wala si mkononi mwako. Kukawia kwako sitakuita amri ya Mungu, maana nitakuwa nakudanganya. Ikiwa dhamiri yakushitaki, usilifukie jambo hili, wala usilibebe peke yako. Lilete kwa Kristo, naye ana ondoleo. Mtoto wenu alibatizwa, naye hakupotea njia ile mliyokawia."

Akalia sana. Nami sikumkataza. Luther alifiwa na binti yake Elisabeth mwaka 1528, mtoto wa miezi minane, akahuzunika hata akajishangaa. Na Waislamu husimulia kwamba Muhammad naye alilia alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahimu. Machozi si kushindana na kudura.

Nalipotoka nje nalimkuta yule mzee akija na chungu cha uji kwa ajili ya mama wa mtoto. Akaniuliza, "Umemjibuje, Mwalimu?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Ya msalaba ni yenu. Ya bonde ni yetu. Afadhali sasa umeyapanga."

Basi, ndugu, tukienda matangani tuyachunge maneno yetu. Tusiseme amri ya Mungu mahali palipo na uzembe wa watu au udhalimu wa wenye nguvu. Tusiseme kosa la mtu mahali palipo na siri ya Mungu. Na habari za jirani tusizisimulie kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Ni mara gani katika usharika wenu neno "amri ya Mungu" limetumiwa kufariji, na ni mara gani limetumiwa kufunika kosa?

2. Someni Wafilipi 2:12-13. Mtume Paulo aunganishaje juhudi ya mtu na kazi ya Mungu ndani yake? Linganisheni na mfano wa bonde.

3. Someni Luka 13:1-5. Bwana Yesu awajibuje wale walioleta habari za watu waliouawa? Je, aliwaeleza sababu, au aliwaita watubu?

4. Mwombeni jirani Mwislamu awaeleze mwenyewe maana ya kadari na hidaya. Kisha mwelezeni ninyi maana ya neema. Sikilizeni kwanza, ndipo mnene.